Mbina ya Katharine Hepburn Uani Somanda

Usukumani hatuulizani nani kacheza vizuri. Tunatazama vumbi limehamia wapi. Mavuno yakishaingia ndani, kuanzia Juni hivi, kundi la Bagika husimamisha ngoma yao upande huu wa uwanja na kundi la Bagalu upande ule, na wote huanza kwa wakati mmoja. Hakuna anayemsubiri mwenzake amalize. Mtazamaji hana macho ya kisogoni: akimtaka manju wa Bagalu, sharti ampe mgongo yule wa Bagika. Jua likielekea kuzama, upande uliozungukwa na watu wengi ndio ulioshinda, na aliyeshindwa hana pa kukata rufaa. Ndiyo maana wachezaji huleta chatu, huleta fisi, huleta masanamu ya mbao, na wazee husema huleta na dawa; chochote kitakachomng'oa mtu pale aliposimama. Masimulizi ya chanzo cha makundi hayo yanawataja Ngika na Gumha, mahasimu wawili wa zamani waliotaka kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi. Msimu huo wa ngoma tunauita mbina.

Nimeikumbuka mbina kwa sababu ya mwanamke wa Kimarekani. Kwa miaka mingi nimekuwa na daftari ambamo ninapanga uigizaji wa Katharine Hepburn, ulio bora juu, unaofuata chini yake. Ninaandika, ninakata, ninaandika tena. Wenzangu wa rika langu hapa Somanda, Bariadi, wana madaftari ya pamba na ya madeni. La kwangu ni hilo, na mke wangu amekwisha kulizoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha mwenzake.

Hepburn alizaliwa Hartford, Connecticut, mwaka 1907, akafariki 2003 akiwa na miaka 96. Alipata tuzo nne za Oscar za mwigizaji mkuu wa kike, na hakwenda ukumbini kupokea hata moja. Mtu angedhani tuzo hizo zimenimalizia kazi: chukua picha nne, zipange, lala. Lakini tazama miaka. Ya kwanza ilikuwa ya Morning Glory, 1933. Zilizofuata ni za Guess Who's Coming to Dinner ya 1967, The Lion in Winter ya 1968 na On Golden Pond ya 1981. Kati ya 1933 na 1967 hakuna kitu, na picha zake zote ninazozipenda zimo humo katikati, katika pengo la miaka 34. Waliokuwa wakigawa tuzo walikuwa wamesimama upande wa pili wa uwanja.

Wenye majumba ya sinema nao waliwahi kumpa mgongo. Mwaka 1938 chama chao kimoja huko Marekani kilimtaja miongoni mwa nyota wanaofukuza wateja mlangoni, wakaiita hiyo sumu. Alirudi kwa njia ambayo manju yeyote angeielewa. Alikwenda jukwaani Broadway kucheza The Philadelphia Story, tajiri Howard Hughes akamnunulia haki za filamu yake, naye akarejea Hollywood mwaka 1940 mkononi ana kitu ambacho kila mtu alikitaka.

Basi Juni iliyopita nikaamua kuacha kukata na kuandika. Nikasema nitampigia Hepburn mbina, uani kwangu, picha yake moja ishindane na nyingine.

Mpwa wangu ana kibanda karibu na soko, kazi yake kuwawekea watu muvi kwenye flashi. Nilipompa orodha alinitazama kama mtu aliyeagizwa mafuta ya taa ya kandili.

"Shikamoo, Mjomba. Hizi nyingine hazina rangi."

"Marahaba. Najua."

"Na hazijatafsiriwa. Wateja wangu wanataka iliyotafsiriwa."

Alikuwa na haki. Sisi tuliokulia vibanda umiza tulizoea sauti ya mtafsiri Lufufu ikitembea juu ya picha, ikimwambia steringi aangalie nyuma, ikiwapa Wachina majina ya Kiswahili. Lufufu hakutafsiri tu, alicheza ngoma ya pili juu ya ile ya kwanza. Nami nilifikiria kwa muda kuifanya kazi hiyo mwenyewe, kisha nikaacha. Nilitaka kuona Hepburn anabaki na nini watu wasipoelewa neno analosema.

Nikaweka televisheni barazani, na kompyuta ya mpwa wangu juu ya debe chini ya mwarobaini, hatua kama ishirini kutoka hapo. Sauti zote mbili nikazipunguza. Shangazi yangu alikuja kutoka Itilima na sahani ya michembe. Walikuja majirani, watoto wasiohesabika, na vijana wawili wa bodaboda waliosema wanapita tu. Kila mtu alipewa kigoda na sharti moja: usikae katikati.

Usiku wa kwanza The Philadelphia Story ilikuwa barazani na Bringing Up Baby chini ya mti. Daftarini mwangu ile ya kwanza ilikuwa juu kwa mbali. Inaanza bila neno: Hepburn yuko mlangoni anamfukuza mumewe, anatupa mfuko wake wa fimbo za gofu, anaichukua fimbo moja anaivunja gotini. Mume anarudi, anakunja ngumi, anabadili nia, anamsukuma usoni hadi chini. Uani kulikuwa na kicheko cha mshtuko, kile cha watu wanaojua nyumba ya namna hiyo iko wapi mtaani. Kisha wakaanza kuongea. Wakaongea, wakaongea. Katika robo saa barazani nilibaki mimi na mbuzi.

Kule chini ya mti kulikuwa na chui. Katika Bringing Up Baby, Hepburn ni binti tajiri anayefuga chui na kumpeleka matembezini kwa kamba kama mbwa. Chui yule alikuwa wa kweli, aliyefundishwa, jina lake Nissa, na Hepburn alicheza naye akiwa amejipaka manukato ya kumtuliza. Watu wa Bariadi hawamwoni chui kama kichekesho. Mashariki yetu ni Serengeti na pori la Maswa, na mfugaji wa huku anajua alfajiri ya kuhesabu mbuzi na kukuta pengo. Ndiyo maana walishindwa kuamini. Mwanamke mwembamba, mifupa mitupu, anaburuta mnyama yule na hata hamtazami! Watoto walipiga kelele mpaka wapita njia wakachungulia uani. Howard Hawks, aliyeiongoza picha hiyo, miaka zaidi ya ishirini baadaye alikuja Tanganyika na kundi zima kupiga picha ya Hatari!, akawakimbiza vifaru na twiga kweli. Nilipomwambia mpwa wangu alisema, "Sasa kwa nini hukuleta hiyo?"

Nilikubali kushindwa, ila nusu tu. Sauti ya Hepburn, kavu, ya puani kidogo, yenye kukatakata maneno kama mtu anayechanja kuni, ni nusu ya kipaji chake, nami nilikuwa nimemnyang'anya. Huko si kumtendea haki. Lakini manju akikaukiwa sauti bado ana miguu, na nilitaka kuiona miguu.

Usiku wa pili niliiona. Barazani niliweka Guess Who's Coming to Dinner, iliyompa Oscar ya pili. Chini ya mti, Summertime ya David Lean, 1955. Wanaume walikwenda moja kwa moja kwa Sidney Poitier. Walitaka kujua kama mzungu yule mzee atakubali kumwoza binti yake kwa mtu mweusi, na hapo lugha haikuwa kizuizi, kila kitu kilikuwa kwenye nyuso. Mzee yule ni Spencer Tracy, mwenzi wa Hepburn wa miaka mingi, aliyefariki siku 17 tu baada ya kumaliza kuicheza. Hepburn alisema hakuwahi kuitazama picha hiyo. Machozi yake mle ni ya kweli, nadhani, na kwa sababu hiyo siwezi kuyapa namba. Anamtazama mwenzi anayekufa.

Wanawake walikwenda chini ya mti. Summertime haina hadithi kubwa. Jane Hudson, katibu muhtasi wa Akron, Ohio, mseja wa makamo, ameweka akiba ya safari na sasa yuko Venice, na kamera yake mkononi. Anapiga picha kila kitu kwa sababu hana mtu wa kumwambia "tazama". Mahali fulani anarudi kinyumenyume akipiga picha hadi anatumbukia mferejini. Hepburn alitumbukia mwenyewe, katika maji yale machafu, na jicho likamsumbua hadi uzee. Watoto walicheka sana hapo. Lakini kilichowashika watu wazima ni jambo dogo kuliko hilo. Jane ameketi mkahawani peke yake. Mwanamume aliyemvutia siku iliyotangulia anakuja. Haraka haraka Jane anapanga kiti na kikombe mezani ili ionekane kuna mtu anamsubiri. Mwanamume anaona, anaheshimu, anapita zake. Na uso wa Hepburn unabaki pale, umejishinda wenyewe.

Shangazi aliacha kutafuna.

"Huyu anamwandalia mgeni asiyekuwepo," alisema. "Mwaka ule mume wangu alipofariki nilikuwa natoa viti viwili nje. Watu wa mnada wakipita wasione."

Hakuna aliyesema kitu. Shangazi hajawahi kufika Mwanza zaidi ya mara tatu, hajui neno la Kiingereza, na alikuwa ameusoma uigizaji ule kuliko mimi na daftari langu. Nilikuwa nimeiweka Summertime ya sita.

Usiku wa tatu ndio nilioungoja, na ndio ulioniharibia mpango wote. Barazani The African Queen ya 1951, chini ya mti Long Day's Journey into Night ya 1962.

The African Queen ni picha yetu bila ya kuwa yetu. Hadithi yake inatokea hapa, Afrika Mashariki ya Wajerumani, Septemba 1914. Rose Sayer ni dada wa mmisionari wa Kiingereza. Wajerumani wanachoma kijiji, kaka anakufa, na Rose anashuka mto ndani ya mashua mbovu pamoja na fundi mlevi, Humphrey Bogart, akikusudia kuzamisha manowari ya Kijerumani iliyoko ziwani. Mto huo mwandishi wa riwaya iliyozaa picha kauita Ulanga. Mtu wa Morogoro atacheka hapa, maana Ulanga halisi unakwenda Rufiji, na Rufiji inakwenda Bahari ya Hindi, hakuna ziwa. Wala hawakupigia picha nchini mwetu. John Huston, mwongozaji, aliwapeleka Kongo, kwenye mto Ruiki karibu na mji ambao leo unaitwa Ubundu, kisha Uganda. Huko Hepburn aliugua kuhara kwa sababu alikunywa maji. Huston na Bogart walikunywa wiski, wakapona. Hepburn alikuja kuandika kitabu kizima juu ya safari hiyo.

Manowari ya kweli iliyompa mwandishi wazo hakuna Rose aliyeizamisha. Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza 1924, na ndiyo Liemba iliyobeba babu zetu na magunia yao katika Ziwa Tanganyika. Na wamisionari wa Kiingereza waliokuwa nchini vita ilipoanza hawakushuka mto wowote. Wengi walikamatwa, wakafungiwa sehemu mbalimbali, mwisho Tabora, hadi Wabelgiji walipouteka mji ule Septemba 1916. Nafikiri juu yao kwa sababu kulikuwa na misheni hapa kwetu pia. Nassa, iliyo Busega, mkoa huu huu wa Simiyu, ilikuwa na Waingereza wa CMS tangu karne ya 19, kisha ikachukuliwa na Africa Inland Mission mwaka 1909. Mwanamke wa namna ya Rose, kinanda cha kanyagio, kola hadi shingoni katika joto la ziwa, ni mtu ambaye bibi za watu wa hapa waliweza kumwona kwa macho.

Picha inaanzia kanisani. Rose yuko kwenye kinanda, jasho linamtiririka, miguu inakanyaga, kinywa kinaimba kwa nguvu zote. Kaka yake anaongoza wimbo. Na waumini, Waafrika, wanatoa mlio. Siuiti wimbo. Ni ukelele mmoja mrefu usio na mwanzo wala mwisho, ili mtazamaji wa London na New York acheke. Kisha fundi anafika, anatupa kipande cha sigara, na wanaume wazima wanakigombania mavumbini.

Shangazi ameimba kwaya ya kanisa tangu nikiwa sijaanza shule.

"Hao nani kawafundisha kuimba?" aliuliza.

"Hawakufundishwa, Shangazi. Walitakiwa wasijue."

Alikaa kimya kidogo. Sijui kama nilipaswa kusema vile. Usukumani mtu hajifunzi kuimba, anajifunza kunyamaza. Tunaimba tukilima, tukipura, tukichota maji, na manju mmoja akiinua neno shamba zima linalipokea. Shangazi aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akachukua kigoda chake na sahani yake ya michembe, akavuka ua kwenda chini ya mwarobaini. Binti mmoja wa kidato cha pili akamfuata. Wengine wote walibaki.

Na walibaki kwa haki. Hepburn mle ni wa ajabu. Mwanzoni, yeye mwenyewe alisimulia, alikuwa akimcheza Rose kwa uso wa uchungu, mpaka Huston alipomwendea asubuhi moja akamwambia amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akiwatembelea askari majeruhi hospitalini na tabasamu lake. Basi. Alisema hakuwahi kupata elekezo bora kuliko hilo. Unaliona likifanya kazi: mwanamke mwenye kidevu juu, anamwaga chupa za jin za Bogart mtoni moja baada ya nyingine, taratibu, kwa adabu, huku mwenyewe amelala anaugulia kichwa. Vijana wa bodaboda waliumia kwa niaba yake. Na kabla ya hapo, maporomoko ya kwanza. Mashua inatoka upande wa pili, wote wawili wamelowa, na Bogart anasubiri Rose akate tamaa. Hepburn anainua uso. Hofu imemtoka, na mahali pake imeingia furaha ambayo mwili ule haujawahi kuijua, naye anashangaa kuiona ndani yake. Ingekuwa ni kupanga dakika na si picha, dakika ile ningeiweka juu ya kila kitu alichofanya. Mwaka ule Oscar alipewa Bogart; ya Hepburn ilikwenda kwa Vivien Leigh. Ruba walipotokea mgongoni mwa Bogart, ua mzima uliruka.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati, kinyume cha sharti langu mwenyewe, shingo inaniuma kwa kugeukageuka.

Chini ya mti hakukuwa na mto wala ruba. Kuna nyumba, familia, ukungu. Mary Tyrone, mama wa nyumba, amerudia mofini, na kila mtu anajua, na kila mtu anajifanya hajui. Ni saa karibu tatu za maneno, tamthilia ya Eugene O'Neill, na Sidney Lumet hakuipunguza sana. Niliamini haiwezi kumshika mtu asiyejua Kiingereza. Lakini Hepburn, ambaye maisha yake yote alicheza wanawake walionyooka kama mlingoti, mle ameupinda ule mlingoti. Mikono yake inaumwa. Anaificha, anaitoa, anagusa nywele, anaitazama kama ya mtu mwingine. Anaanza sentensi akiwa mama wa miaka hamsini na kitu na kuimaliza akiwa msichana wa shule ya masista, na huhitaji lugha kuona mpaka alipouvuka. Mwishoni anashuka ngazi usiku, analiburuta gauni lake la harusi la zamani. Wanawe na mume wanamtazama. Yeye hawaoni.

"Amerogwa," alinong'ona yule binti.

"Hapana," Shangazi alisema. "Ameondoka."

Picha hiyo alilipwa kidogo kuliko alivyozoea, akapata tuzo Cannes, na Oscar akaikosa tena.

Kwa kanuni ya mbina, The African Queen ilishinda, na sibishi: niliona vigoda kwa macho yangu. Lakini na mimi nilikuwa na kigoda. Kabla gauni halijaburutwa nilikuwa nimekwisha kukibeba chini ya mwarobaini, na siwezi kuapa kwamba ni uigizaji peke yake ulionivuta. Inawezekana nisingeweza kuendelea kucheka barazani huku nikimwona Shangazi kanipa mgongo. Inawezekana lile kanisa lingeimba kama kanisa la Nassa, ningekaa na Rose hadi manowari ilipuke. Hepburn hakuandika mlio ule. Alikuwa kwenye kinanda tu, anatoka jasho. Lakini picha inamtaka aonekane mtu katikati ya wasio watu, na mwigizaji mkubwa kama yeye anaifanya kazi hiyo vizuri mno. Afadhali hapo kuliko Dragon Seed ya 1944, alikobandikwa macho ya Kichina. Hiyo iko mwisho wa daftari na haihitaji mbina.

Nimeandika upya, kwa kalamu safari hii: Mary Tyrone wa kwanza, Rose wa pili, Jane Hudson wa tatu, chui wa nne, na The Philadelphia Story ya tano, maana bado naamini siku ua wangu ukijua Kiingereza itapanda. Shangazi anasema nimekosea, wa kwanza ni yule mwenye viti viwili, na amerudi Itilima bila kubadili neno.

Juni ijayo, mavuno yakishaingia ndani, nitaweka Adam's Rib barazani na The Lion in Winter chini ya mwarobaini. Mwenye orodha yake aje Somanda na kigoda chake.